Je, Wajua? Betri Iliyoisha Moto Bado Ina Kazi

Betri za Eveready zilitengenezwa Nakuru tangu 1967 hadi kiwanda kilipofungwa 2014. Ile kubwa ya tochi, hata ikiisha moto (mradi haijavuja), inafaa kuanzisha mtambo wa mfululizo pale sebuleni. Iachie kwenye ubao ulioinama, ibingirike, igonge vitabu vilivyosimamishwa wima. Cha mwisho kikianguka, kivute uzi uliofungwa kwenye kikombe na kumwagia maji mche wa sukuma wiki. Mitambo ya aina hii ilivuma kupitia vibonzo vya Mmarekani Rube Goldberg, aliyesomea uhandisi.

Wengi hudhani msukumo wa kwanza ndio unaofanya kazi yote. La! Kila kitu ulichokisimamisha kina nishati uliyokiwekea wewe mwenyewe. Kinachokigonga huifungulia tu nishati hiyo. Ndiyo maana mwaka 1983 mwanafizikia Lorne Whitehead alieleza kwamba kipande cha domino kinaweza kuangusha kingine kikubwa mara 1.5 kila upande. Ukianza na kiberiti cha sentimita 5, cha tano kwenye foleni chaweza kuwa kamusi nene yenye kimo cha sentimita 25.