Je, Wajua? London hadi Mwanza, 1931

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka uwanja wa Croydon, London, hadi Mwanza. Ndiyo, Mwanza hii hii ya Ziwa Victoria!

Mifuko ya barua ya safari hiyo ilibadili vyombo vya usafiri njiani. Alexandria hadi Cairo ilipanda treni. Toka Khartoum ilibebwa na ndege ya majini, yenye tumbo kama la mashua. Ndege hiyo haikuhitaji uwanja: iliruka kutoka Mto Nile, ikatua juu ya maji ya Ziwa Victoria. Maajabu kweli!

Leo waenda London kutoka Mwanza mwezi Januari? Ukishuka, rudisha saa yako nyuma kwa saa 3. Na usisahau koti zito.