Jinsi Wazo Linavyokuwa Hadithi Kamili

Wanafunzi wengi katika bweni letu husema kwamba wangependa kuandika hadithi, lakini hapa Kisawasawa hakuna jambo la kuandika. Hudhani kuwa hadithi ziko Dar es Salaam, au Ulaya, au katika sinema. Hapa pana mpunga, miwa, mvua na milima ya Udzungwa tu. Nataka kueleza kwa nini maneno hayo si kweli, na jinsi mtu awezavyo kuchukua jambo dogo alionalo kila siku akalifanya hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Kwanza yafaa tufahamu kuwa jambo peke yake si hadithi. Tuchukue mfano wa kwetu. Kijana anakaa juu ya dungu usiku akilinda mpunga. Kila mtu wa bonde la Kilombero amekwisha ona jambo hilo, wala halimshangazi. Sasa tujiulize: mpunga huo ukipotea, nani ataumia? Tuseme baba wa kijana ameuza magunia kumi ya mpunga ungali shambani, kwa bei ya chini, ili apate fedha za kumtibia mama. Usiku huo tembo wanashuka kutoka mlimani. Jirani anapiga debe na kuomba msaada, maana shamba lake limekwisha ingiliwa. Kijana akienda, shamba lao litabaki bila mlinzi. Asipoenda, kesho atamtazamaje jirani? Hapo hadithi imezaliwa, kwa sababu yupo mtu mwenye kitu cha kupoteza, naye hana budi kuchagua. Dungu ni lile lile. Kilichoongezeka ni swali.

Pili, tutazame waandishi waliotutangulia. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali wakati wa utawala wa Waingereza. Kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinasema juu ya watawala wasiopenda kusikia ukweli. Lakini hakukiweka Tanganyika. Alibuni nchi iliyo angani, akamsimamisha Karama mbele ya wakubwa ajitetee. Kwa mfano huo twajifunza kuwa jambo gumu kusemwa laweza kuhamishwa mahali pengine, na msomaji mwenye akili atalitambua. Basi ukitaka kuandika juu ya ugomvi wa nyumba fulani, usiitaje nyumba ile. Badili kijiji, badili majina, ubakize uchungu wake.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipenda hadithi za upelelezi za Waingereza, kama zile za Sherlock Holmes. Hakuzinakili. Alimbuni Bwana Msa, mtu wa Unguja mwenye kiko chake, apeleleze mambo ya Unguja. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Kuazima chungu si vibaya, mradi upike chakula cha kwenu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kumaliza. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alizaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliotamani mtoto, ili vijana wasisahau maisha ya wazee wao. Aliimaliza mwaka 1945, lakini haikupata mchapaji. Mzee hakuitupa. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikachapishwa Dar es Salaam. Ilikuwa imepita miaka thelathini na mitano. Mwaka 1981 alifariki dunia. Nafikiri sana juu ya miaka hiyo. Kama angaliiacha nusu, leo mawazo yake yangalikuwa wapi?

Sasa nieleze kazi yenyewe ifanywavyo. Mimi hutumia daftari moja na saa moja ya Jumamosi. Mara ya kwanza huandika mpaka mwisho bila kufuta, hata kama sentensi ni mbovu, kwa maana sentensi mbovu hutengenezeka, bali ukurasa mtupu hautengenezeki. Kisha huliacha daftari kwa juma moja. Baadaye humsomea rafiki kwa sauti. Akiuliza, “Kwa nini alifanya hivyo?” najua mahali pale pana pengo. Akipiga miayo, najua pamezidi maneno. Aghalabu ukurasa wa kwanza wote hukatwa, kwa kuwa hueleza mambo ambayo msomaji hana haja nayo. Mwisho nauliza kama mtu wangu amechagua kweli, au nimemwokoa kwa bahati tu. Nikiona amefumbua macho na kusema, “Kumbe ilikuwa ndoto,” basi sijamaliza kazi.

Ndugu wasomaji, sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani mwezi wa Novemba, kisha tutatawanyika. Wazee waliovuka mto Kilombero kwa mitumbwi na kwa kivuko, kabla daraja la Ifakara halijajengwa, wangalipo, lakini hupungua kila mwaka. Nani atakaa nao awaulize walichokiona, na nani waliyempoteza majini? Mtu wa mbali hawezi kutuandikia habari hizo.

Hadithi yangu ya dungu sasa ina kurasa kumi na moja, na chini yake nimeandika neno “Mwisho”. Kijana alichagua nini, sitasema. Mwenye kutaka kujua aje na hadithi yake, tubadilishane madaftari.