Spea kimeo itakutoa mbioni

Washkaji, hapa Tinde, barabara ya Nzega inapogawanyika kwenda Shinyanga na Kahama, baiskeli ndiyo miguu yetu. Yakikaribia mashindano nawaona vijana wakiifunga Phoenix spea mpya za bei poa, eti wameula. Wapi! Kotapini ya chuma laini hupondeka ukisimamia pedali, mkono ukaanza kucheza. Cheni mpya kwenye meno yaliyolika huruka, nawe chali mbele ya mashabiki!

Dawa ni hii: mwombe fundi aikwaruze kotapini kwa tupa, ikilika kama sabuni, usiifunge. Cheni na meno, badili pamoja. Kisha itembelee siku kadhaa kabla ya mbio. Kipya kinyemi, jamani, lakini si kila kipya humaliza mashindano.