Asidi za mafuta na ukuaji wa ubongo wa mtoto

Asidi za mafuta ni sehemu kuu zinazounda mafuta ya chakula na ya mwili. Baadhi yake zinahitajika katika ujenzi wa ubongo wa mtoto, hasa kuanzia miezi mitatu ya mwisho ya mimba hadi umri wa miaka miwili. Makala hii inaeleza kazi na vyanzo vyake, kwa mifano ya Tanzania, hasa Turiani katika Mkoa wa Morogoro.

Aina

Mwili hutengeneza asidi nyingi za mafuta kutokana na wanga, lakini mbili hauwezi kuzitengeneza: asidi ya linoleiki (kundi la omega-6) na asidi ya alfa-linoleniki (kundi la omega-3). Hizo lazima zitoke katika chakula. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, nchini Marekani, walionyesha kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa walidumaa na kuugua ngozi.

Kutokana na linoleiki mwili hupata asidi ya arakidoniki, na kutokana na alfa-linoleniki hupata asidi ya dokosaheksaenoiki, kwa kifupi DHA. Hata hivyo kiasi cha DHA kinachopatikana kwa njia hiyo ni kidogo. Chanzo bora ni samaki, kisha mayai.

Kazi katika ubongo

Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo ni mafuta. DHA na arakidoniki hujenga utando wa seli za neva, na DHA ni nyingi pia katika retina ya jicho. Kabla ya kuzaliwa mtoto huzipokea kupitia kondo la nyuma. Kwa kuwa sehemu kubwa hufika katika miezi ya mwisho ya mimba, mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo.

Maziwa ya mama

Takriban nusu ya nishati ya maziwa ya mama hutokana na mafuta. Kiasi cha DHA hubadilika kufuatana na chakula cha mama; wastani wa dunia ni kama asilimia 0.3 ya asidi zote za mafuta katika maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapima akina mama waliokula samaki wa Ziwa Kitangiri, upande wa Singida, ukakuta maziwa yao yana DHA na arakidoniki kwa wingi. Kumbe hata samaki wa maji baridi wanafaa. Si lazima watoke baharini.

Lishe ya nyongeza: mfano wa Turiani

Turiani ni mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero, chini ya Milima ya Nguru. Eneo hili lina mpunga, mahindi na mashamba ya miwa ya Mtibwa, kwa hiyo wanga haukosekani. Tatizo huanza mtoto anapotimiza miezi sita na kuanzishiwa uji. Sembe na mchele mweupe vina mafuta takriban asilimia 1 tu. FAO na WHO hupendekeza mafuta yatoe karibu asilimia 35 ya nishati ya mtoto anapokaribia miaka miwili, lakini katika uji wa sembe mtupu hayafiki hata sehemu ya kumi. Mtoto anaweza kushiba na bado akapungukiwa.

Dawa yake haihitaji duka la mbali. Karanga zilizosagwa, ambazo karibu nusu yake ni mafuta, huongeza linoleiki. Soya huongeza pia alfa-linoleniki. Dagaa wakavu waliosafishwa, wakasagwa na kuchekechwa, huongeza DHA. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani huweza kuwa na sumukuvu. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Mipaka ya ushahidi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu watoto wa Tanzania wa miaka 2 hadi 6 ulikuta kwamba wenye linoleiki kidogo katika damu walielekea zaidi kuwa wamedumaa. Uhusiano huo hauthibitishi chanzo, maana mtoto anayekosa mafuta mara nyingi hukosa pia protini na madini. Vilevile, majaribio mengi ya kuongeza DHA katika maziwa ya kopo ya watoto waliozaliwa kwa wakati hayakuonyesha faida dhahiri katika akili zao. Kwa hiyo DHA ni tofali mojawapo la ubongo, si dawa ya kumfanya mtoto awe hodari darasani.