Meza ya biro ya bei kidogo: ubao mmoja na shevro moja vinaweza kutosha

Wakaaji wengi wa miji yetu wanatumika nyumbani. Mwalimu anasahihisha kopi za wanafunzi usiku, mwanafunzi wa iniversite anaandika TFC yake, mama mmoja anafunga hesabu ya likelemba, kijana anaandika ripoti ao anapokea wateja wa simu. Wengi wanafanya hiyo kazi juu ya kitanda, ao juu ya meza ya kulia chakula yenye inatolewa vitabu kila mara sahani zikifika. Kisha mgongo unauma. Siku ingine chai inamwangikia ordinateri, na ile ordinateri ndiyo ilikuwa inaleta posho ya nyumba.

Meza ya biro ya duka ni bei. Lakini meza ya kutumikia si kitu cha ajabu: ni ubao wa juu, kitu cha kuushika, na urefu wenye unafaa mwili wa mtu. Mtu akijua hesabu mbele ya kwenda soko ya mbao, feza yenye atatoa inapunguka sana.

Tuanze na urefu, juu hapo ndipo watu wengi wanakosea. Wafundi wengi wanakata meza kwa santimetre 75 ao zaidi bila kuuliza kiti. Sharti mtu akae kwanza juu ya kiti chenye atatumia kila siku, hata kama ni cha plastiki, aweke nyayo chini, aache mabega yalegee, akunje mkono. Kutoka chini mpaka kwenye kiwiko, hiyo ndiyo meza yake. Kwa wengi inaangukia kati ya santimetre 68 na 75. Meza ikipita hapo, mabega yanapanda siku nzima, na jioni shingo inakuwa kama mti. Kama meza ni ya mke na mume pamoja, ipimwe kwa ule mrefu. Mfupi atawekewa mto juu ya kiti na kibao chini ya miguu.

Sasa mbao. Ukipata ubao wa metre 4 wenye upana wa santimetre 20, ukate vipande vitatu vya santimetre 120. Ukivilaza pamoja, unapata meza ya 120 kwa 60, na hiyo inatosha ordinateri, kitabu na kikombe. Inabaki santimetre 40. Usiitupe. Pasua kile kipande kwa urefu, utoe vijiti vitatu: ndivyo vitapita chini ya meza kuunganisha zile mbao tatu.

Kwa kushika, wengi wanafikiri miguu minne. Katika nyumba ya mbao, kama zile nyingi za Goma, miwili inatosha. Kipande kimoja cha santimetre 120 kinapigiliwa ku ukuta, kilale sawasawa, na nyuma ya meza inaikalia. Mbele unaweka kipande kingine cha 120 juu ya miguu miwili. Shevro moja ya metre 4 inatoa vyote: 120 na 120, pamoja na miguu miwili ya karibu santimetre 66, na bado kunabaki kidogo. Kuna faida ingine. Sakafu zetu nyingi hazilingane, iwe juu ya mawe ya volkano ao udongo wa kushindiliwa, na meza ya miguu minne hapo inacheza kila mara. Ya miguu miwili na ukuta haichezi. Lakini misumari ya ukuta iingie ku nguzo za nyumba, hapana ku mbao nyembamba za nje, juu zile hazishike uzito. Na mpangaji azungumze na mwenye nyumba mbele ya kupigilia. Tundu la musumari limeshakula garanti ya watu.

Mbao gani? Mikaratusi ndiyo inapatikana rahisi ku vilima vya Kivu, ni nguvu, lakini ina hasira: ikikatwa leo na kutengenezwa kesho, inapinda na kupasuka. Grevilea ni laini kidogo na inamtii fundi. Libuyu, mbao nyekundu za pori la Ituri, ni nzuri sana, lakini kwa meza ya feza kidogo hakuna lazima. Na mnunuzi aulize mbao zinatoka wapi. Zile zinakatwa ndani ya Pari ya Virunga haziruhusiwe.

Ukavu wa ubao ni kitu kikubwa kuliko jina la mti. Ubao mubichi ni mzito, ukiuweka ku shavu unasikia baridi, na msumeno unatoa unga wenye kushikana. Ubao ukikauka unapunguka kwa upana, kwa urefu karibu hapana. Ndiyo maana meza iliyofungwa kwa nguvu pande zote inapasuka katikati miezi michache nyuma, zaidi kama ubao umetoka Lubero kwenye baridi ukafika Uvira kwenye joto. Dawa ni mbili. Kwanza, ununue mapema na kuupanga mahali penye kivuli na upepo, na vijiti katikati ya kila ubao. Kawaida ya mafundi wa dunia nzima ni karibu mwaka mmoja kwa kila santimetre 2 na nusu za unene. Hakuna mtu atangojea mwaka? Basi dawa ya pili: kila ubao upate vise moja tu ku kila kijiti cha chini, ili uweze kupumua pande mbili. Na ku mikaratusi, toboa tundu kwanza, ndogo kuliko vise, ao ubao utapasuka mbele ya macho yako.

Nafasi ndogo zitabaki katikati ya mbao, na kalamu itatoboa karatasi hapo. Kipande cha balatumu kilichobaki ku duka, kikikatwa kwa kisu na kuwekwa juu, kinamaliza hiyo shida. Na chai ikimwangika, inapanguswa.

Kuna swali moja wengi wanauliza: meza haitabonyea katikati? Itategemea namna ile mti ya mbele imelazwa. Ukichukua mti wa santimetre 5 kwa 7 ukaulaza chali, unabonyea zaidi. Ukiusimamisha juu ya ubavu wake mwembamba, unakaza karibu mara mbili. Mti uleule, bei ileile. Ukiongeza kimo cha mti mara mbili, nguvu ya kutobonyea inapanda mara 8. Ndiyo maana mafundi wa paa hawalazi mbao zao.

Na meza ikiyumba kushoto na kuume, usiongeze misumari. Misumari inachoka. Weka kipande cha mshazari kutoka mguu kwenda mti wa mbele, kitengeneze pembetatu. Kila pembeni kimoja. Mraba unaweza kulala, pembetatu haiwezi. Vipande vya namna hiyo viko chini ya kila atelie, na mara mingi vinatolewa bure ao kwa franga kidogo.

Wale wanaishi nyumba ya matofali wana njia ingine: triplexi. Fei moja ina metre 2 na santimetre 44 kwa metre 1 na 22. Ukiikata msalaba, unapata vipande vinne vya 122 kwa 61, ni kusema meza nne. Mtu mmoja anaona fei nzima ni bei kali. Wanne wa mtaa mmoja ao wa AVEC moja wakichanga, kila mmoja analipa robo. Uchague ya milimetre 18. Ile nyembamba inabonyea. Palete za depo pia zinafaa, lakini uangalie alama ya moto ku mbao: HT inaonyesha walizipitisha ku joto, MB inaonyesha walizitia dawa ya sumu. Hizo za MB zisiingie ndani ya nyumba.

Mwangaza wa dirisha utoke upande wa kushoto kwa mwenye kuandika na mkono wa kuume. Ralonji ifungwe chini ya meza, isilale sakafuni penye maji ya mvua yanaingia. Bateri ya gari yenye inabeba kura ya sola isiwekwe chini ya miguu ya mtu: ikichajiwa inatoa gazi yenye kuwaka, inataka mahali pa hewa. Na mshumaa usiwekwe juu ya mbao wazi, hata dakika tano. Bukavu, mitaa ya nyumba za mbao inajua bei ya huo mshumaa. Sahani ya chuma chini yake, na kopi za wanafunzi mbali.