Kingi wa Drafti Apunguzwe Nguvu?

Bwenini kuna wanaotaka tumzuie kingi kuruka masafa kabla ya mashindano. Ati ukimpata tu, mchezo umekwisha! Mimi napinga. Katika drafti ya Waingereza kingi husogea mraba mmoja tu, na kwa kawaida kingi wawili humshinda mmoja. Lakini kwenye ubao wetu wa miraba 64, kingi wa kuruka akishaushika ule mstari mrefu wa kona hadi kona, hata kingi watatu hawamwezi: ni sare. Kumbe nguvu hizo humwokoa mnyonge! Tena kula ni lazima. Mtegee kete mahali ambapo akiila atakuwa na mraba mmoja tu wa kutua, nawe uwe unamngoja hapo. Kingi kwaheri.