Mhasibu na Mashahidi Wake

Milimani ya Nakuru ni mtaa wa wakubwa, chini ya Menengai, na Ikulu ya mji imo huko huko. Hapo barazani mzee mmoja, mstaafu wa kazi ya hesabu, aliniuliza: "Bwana Shehe, nyinyi wa Pwani mwamwonaje Kimunya?"

Amos Kimunya ni mhasibu wa kusomea, aliyewahi kukiongoza chama cha wahasibu nchini. Mwaka 2002 alichaguliwa Mbunge wa Kipipiri, Nyandarua, ng'ambo ya Naivasha. Mwaka 2003 akawa Waziri wa Ardhi, na wakati wake ndipo Tume ya Ndung'u ilipoandika ripoti yake ya 2004 juu ya hati za ardhi zipatazo 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria. Jambo hilo sisi wenye fukwe twalijua bila ya kusomewa. Februari 2006 akapewa Fedha, na mwaka 2008 serikali ikauza hisa za Safaricom kwa shilingi 5, kila mtu akiona.

Hoteli ya Grand Regency haikuuzwa hivyo. Benki Kuu iliishikilia kwa ajili ya kashfa ya Goldenberg, kisha ikapelekwa kwa Walibya pasi na zabuni ya wazi, kwa bei iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 2.9. Waziri wa Ardhi wa wakati huo, James Orengo, ndiye aliyefichua. Kimunya akasema heri afe kuliko kujiuzulu. Tarehe 2 Julai 2008 Bunge likapitisha hoja ya Boni Khalwale ya kutokuwa na imani naye, na tarehe 8 akaondoka.

Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Abdul Majid Cockar haikumtia hatiani, na Januari 2009 akarudi, Waziri wa Biashara. Basi sina la kumwita mwizi. Lakini sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandika deni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo na mashahidi. Mnunuzi kuwa ndugu Mwislamu hakuliondoi sharti hilo. Na nani alijue zaidi ya mhasibu, ambaye vitabu vyake sharti vikaguliwe na mwingine?

Mzee wangu alicheka tu, akasema siasa haina mkaguzi. Hapo sikukubaliana naye. Kipipiri walimwangusha Kimunya 2013, wakamrudisha 2017. Mwaka 2020 akashika uongozi wa wengi Bungeni baada ya Aden Duale wa Garissa. Na 2022 wakamwangusha tena.